Mkutano wa AA ni nini hasa, na utaupata wapi?

Februari 2024, watu zaidi ya 10 walipokufa kwa pombe yenye sumu kijijini Kangai, kaunti ya Kirinyaga, neno moja lilitawala midomo ya Wakenya: rihabu. Wapelekwe rihabu. Serikali ijenge rihabu. Kwenye matatu, kwenye baraza la chifu, kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia, kila mtu alikuwa na mlevi wake wa kupeleka rihabu. Nilipouliza, "Na AA je?" kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alidhani nazungumzia ile AA ya shule ya udereva. Wa pili akasema ni kanisa. Wa tatu, mama mtu mzima anayeuza mboga karibu na kwangu, akaniambia ni mahali ambapo walevi husimamishwa mbele ya watu wakatubu. Mwanawe amekuwa akinywa kwa miaka tisa. Angejua kwamba mkutano wa AA ni walevi wanaokaa pamoja kusaidiana kuacha pombe, pengine angeshamwambia kijana wake kwamba upo mmoja, tena si mbali na kibanda chake cha mboga. Ndiyo maana nimeona niandike.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo tunapopotezana.

Uraibu wa pombe ni ile hali ambayo mtu hana tena uamuzi juu ya kileo. Anakusudia kunywa chupa mbili, anaamka asubuhi hajui alifikaje nyumbani. Anaapa kwa marehemu mamake kwamba ameacha, na saa kumi na moja jioni miguu inamrudisha pale pale. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu huu miongoni mwa magonjwa, na walio nao wamo walimu, madereva, wake wa wachungaji na watoto waliolelewa vizuri kabisa.

Kuna mambo matatu tunayoyaita yote "kupelekwa rihabu", na kila moja lina kazi yake. La kwanza ni kuutoa mwili kwenye pombe. Hiyo ni kazi ya siku chache, na kwa mnywaji mkubwa ni kazi ya hospitali. La pili ndiyo rihabu yenyewe: kituo ambacho mtu analala kwa wiki au miezi, ana mshauri, ana ratiba, na familia inalipa. La tatu ni kikundi cha kusaidiana: watu wenye tatizo lile lile wanaokaa pamoja kwa saa moja au saa moja na nusu, bila daktari, bila ada, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. AA, herufi zinazosimamia Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ndicho kikundi cha namna hiyo kilichoenea kuliko vyote. Kiko katika nchi takriban 180.

Wakenya na Watanzania hawahitaji kufundishwa kikundi cha kusaidiana ni nini. Tulivijua miaka ile VVU vilipokuwa vikimaliza vijiji. Daktari alikupa majibu na dawa, lakini aliyekufundisha kuishi nayo, kumwambia mkeo, kumeza kidonge bila kukosa, kurudi kazini na kutazamana na watu, alikuwa mwenzako mliyeketi naye kwenye benchi la kliniki kila Alhamisi. AA ni benchi hilo. Rihabu ina siku ya kuingia na siku ya kutoka. Benchi halina siku ya kutoka, na mtu aliyetoka rihabu akaenda moja kwa moja kijijini kwa marafiki wale wale, pasipo benchi la kukalia, mara nyingi hurudi kunywa kabla familia haijamaliza kulipa deni la kituo.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uzito wake. Aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu asikate pombe ghafla peke yake nyumbani kwa sababu amesoma makala kama hii. Anaweza kutetemeka mwili mzima, kutokwa jasho, kuanguka kwa degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuona na kusikia vitu ambavyo havipo. Hali hiyo huua. Kikundi hakina daktari wala dawa ya kuizuia. Kwanza hospitali, kisha kikundi. Na zile dawa za kunyweshwa mtu kwa siri kwenye chai, zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme, ziacheni kabisa: hamjui zina nini, na mtu hapati nafuu kwa kuviziwa.

Kikundi hiki kilianzaje? Historia yake ni fupi na inaeleza kila kitu kinachofuata. Mei 1935, dalali wa hisa wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imevunjika. Alikuwa na miezi michache tu bila kunywa, yuko peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, na kelele za baa zinamfikia. Badala ya kuingia baa alienda kwenye simu akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji ule, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mlevi. Alikwisha kugundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, kiu yake yeye mwenyewe hupungua. Mwishowe akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye mkewe alikuwa amekata tamaa. Daktari alikubali kumpa dakika 15. Walikaa zaidi ya saa sita. Baada ya hapo Dkt. Bob alirudia kunywa, na kikombe chake cha mwisho alikinywa tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo AA inayohesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Angalieni mambo mawili hapo. Mwanzilishi mmoja alirudia kunywa hata baada ya mazungumzo yale, na hakufukuzwa. Na hakuna mtaalamu wa kutibu ulevi aliyekuwepo. Mlevi alimtafuta mlevi kwa simu, akampata. Kutafuta mkutano leo ni kazi ile ile.

Mwaka juzi nilimsindikiza mjomba wangu kwenye mkutano wake wa kwanza, Nairobi, Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa ametoka hospitali siku tano kabla. Tuliambiwa ni kwenye jengo lililo nyuma ya kanisa, tukafungua mlango wa kwanza tukakuta kwaya inafanya mazoezi. Mjomba akageuka. "Twende nyumbani, wamehama," akasema, na nilijua kwamba tukifika langoni hatarudi tena. Kwenye mlango wa pili kulikuwa na karatasi ndogo, herufi mbili na mshale. Ndani ni darasa la watoto wa shule ya Jumapili, michoro yao ukutani, viti vya plastiki vimepangwa duara, watu kama 14. Kwenye meza, chupa kubwa ya chai. Mzee mmoja alimsalimia mjomba, akautazama mkono wake mara moja, akamjazia kikombe nusu. Nusu tu, ili kisimwagike. Hakusema neno. Mimi nimeishi na mjomba tangu utotoni na kwa siku zote hizo tano nilikuwa nikimjazia kikombe mpaka juu, kisha nafuta meza.

Mkutano wenyewe huendeshwa hivi. Mmoja wao, kwa zamu, anaongoza. Panasomwa maneno machache ya kueleza AA ni nini. Kisha anayetaka kuzungumza anajitaja kwa jina moja tu, anasema ni mlevi, wenzake wanamwitikia kwa jina hilo, naye anaeleza yake: alivyokuwa, kilichotokea, alivyo sasa. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri asioomba. Akimaliza, anashukuriwa, anafuata mwingine. Kikapu au kofia inazungushwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. Mgeni hatarajiwi kutia chochote. Mikutano mingi hutoa sarafu ndogo ya kuhesabia muda: saa 24, siku 30, mwaka. Mwisho watu husimama pamoja na kusema ombi fupi la kuomba utulivu, ujasiri na hekima. Waliyoyasema watu siku ile niliyaacha mle ndani, kwa kuwa ndivyo tulivyoagizwa wote. Ya mjomba nayaandika kwa ruhusa yake.

Niliruhusiwa kuingia kwa sababu ulikuwa mkutano wa wazi. Mkutano wa wazi unapokea yeyote: ndugu, mwanafunzi wa uuguzi, jirani. Mkutano uliofungwa ni wa wenye tatizo peke yao, au wanaodhani huenda wanalo. Ukipiga simu kuuliza, ulizia hilo mapema, hasa kama unataka kumsindikiza mtu.

Sasa, unaupataje? Ugumu ni kwamba AA haijitangazi. Hutaona bango. Kenya, njia rahisi ni namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya. Simu ni bure. Usiseme tu kwamba una shida ya pombe, maana huenda ukaelekezwa kwenye vituo vya kulazwa. Uliza moja kwa moja: mkutano wa AA ulio karibu nami uko wapi, siku gani, saa ngapi? AA pia ina programu ya bure ya simu iitwayo Meeting Guide, pamoja na tovuti, lakini orodha za mtandaoni huchelewa kusahihishwa. Kikundi kikihama chumba, anwani ya zamani huendelea kubaki pale kwa miezi. Piga simu kwanza.

Kuna njia ya tatu ambayo watu hawaifikirii. Nenda kwenye rihabu yoyote iliyo karibu, hata kama huna nia wala pesa ya kulazwa, umuulize mshauri: waliomaliza hapa hukutana wapi? Anajua. Vivyo hivyo kliniki za afya ya akili za hospitali kubwa, kama Mathari hapo Nairobi. Na kama umesikia tetesi kwamba kuna mkutano kanisani, usimwendee kasisi ikiwa unaona haya. Mwendee mtunza jengo, yule mwenye funguo. Yeye ndiye anayefungua kile chumba kila wiki, na mara nyingi hajali ni nani anaingia.

Tanzania mikutano ya AA ni michache zaidi, na mara nyingi utaanzia kwingine. Nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba, za Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine, nyingi zilianza kwa ajili ya waathirika wa heroini, lakini zimejengwa juu ya hatua 12 zile zile za AA, yaani mwongozo wa kupata nafuu ambao mtu huufuata hatua kwa hatua, na wanaohangaika na pombe nao hupokelewa. Hospitali za Muhimbili ya Dar es Salaam na Mirembe ya Dodoma zina wataalamu wa kukuelekeza. Aliye mbali na yote hayo ana simu. Tangu janga la korona mwaka 2020 mikutano ya mtandaoni imeongezeka mno, na unaweza kuingia saa yoyote ukiwa Sumbawanga, Goma au Muscat. Lugha ni Kiingereza mara nyingi, na intaneti inakula bando, lakini unaweza kuzima kamera na kusikiliza tu. Kwa walio Marekani niongeze hili: ukikamatwa unaendesha gari umelewa, hakimu anaweza kukuamuru uhudhurie mikutano na urudi na karatasi iliyosainiwa. Ndugu zetu wengi hapo hudhani AA ni mkono wa mahakama au wa uhamiaji. Sivyo. AA haimpelekei mtu yeyote ripoti yako. Unapewa saini, unaondoka nayo mwenyewe.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la dini. Ni kweli waanzilishi walitoka kwenye vuguvugu la Kikristo, na hatua 12 zinamtaja Mungu. Lakini zinasema kadiri kila mtu anavyomwelewa, na neno hilo liliwekwa makusudi. Zanzibar, Waislamu wamepata nafuu kwa hatua hizo bila kuacha swala moja. Nitasema ukweli pia: iko mikutano hapa kwetu ambayo kwa mgeni inasikika kama ibada, kwa sababu ndivyo sisi tunavyozungumza tukiumia. Kama huo haukufai, jaribu mwingine. Vikundi havifanani, na kukataa AA nzima kwa sababu ya mkutano mmoja ni sawa na kukataa shule kwa sababu ya mwalimu mmoja.

Wengine husema, "Ngoja kwanza niache, halafu nitaenda." Hiki ndicho kikwazo kinachoniuma zaidi, maana kinamzuia hasa yule anayehitaji. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Halisemi uwe umeacha. Ukifika umekunywa, kwa kawaida utaombwa usikilize tu siku hiyo, ukae kwa utulivu, na urudi kesho. Wala si lazima useme neno hata ukiwa hujanywa. Mjomba alikaa kimya mikutano sita. Na aliyekaa mwaka mzima kisha akaanguka anapokewa tena, anaanza kuhesabu upya, na kiti chake kipo.

Hofu ya kuonekana ni hofu ya kweli, sitaidharau. Mtaani kwetu siri hazikai. Lakini fikiri: anayekuona pale naye yuko pale. Wengi huchagua mkutano wa mtaa wa pili, wapande matatu dakika 20, na hilo halina ubaya. Kwa mwanamke hofu hii ni mara kumi. Mwanamume mlevi huitwa mlevi. Mwanamke mlevi huambiwa si mama. Kwa hiyo wanawake wengi hunywa jikoni, mlango umefungwa, na hakuna anayejua mpaka ini linapokataa. Ipo mikutano ya wanawake peke yao, mtandaoni ndiyo mingi zaidi, na kwa wengi ni mlango mwepesi wa kuanzia.

Utasikia pia neno sponsa, na nataka nilisafishe, maana hapa kwetu limechafuka. Kwenye AA sponsa ni mwanachama wa siku nyingi anayekushika mkono kupitia hatua 12 na kupokea simu yako usiku kiu inapokubana. Hakulipii chochote, nawe humlipi. Desturi ni mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Mtu akikufuata kimapenzi wiki zako za mwanzo, au akikukopa pesa, huyo hafuati desturi ya AA. Mwambie mwingine kwenye kikundi, na ukitaka badilisha mkutano.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalochambua ushahidi wa kitabibu, lilipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Programu za matibabu zilizowaelekeza wagonjwa kwenye AA kwa utaratibu ziliwawezesha wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo zilizolinganishwa nazo. Haimaanishi inamfaa kila mtu. Zipo dawa za hospitali za kupunguza hamu ya pombe, na anayezitumia hana haja ya kuzificha kwenye mkutano. Wanachama si madaktari, na hawana mamlaka ya kumwachisha mtu dawa.

Nirudi kwa yule mama wa mboga. Yeye naye ana mahali pake. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson, alianzisha pamoja na mwenzake kikundi cha Al-Anon kwa ajili ya ndugu wa walevi, kwa sababu wake na mama waliokuwa wakisubiri nje ya mikutano waligundua kwamba nao wameumia. Hapa kwetu vikundi hivyo ni haba. Nilichomshauri ni aende yeye kwanza kwenye mkutano wa wazi, peke yake, asikilize. Asimburute mwanawe. Alikwenda Jumamosi mbili. Ya tatu alimwambia kijana alichokiona, akamwachia kipande cha karatasi chenye siku na saa chini ya kikombe. Kijana hajaenda bado. Karatasi haijatupwa.

Na kama kweli hakuna mkutano karibu? Desturi ya AA inasema watu wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kikundi. Haihitaji leseni wala jengo. Mjomba alirudi kwao kijijini akiwa na miezi 11 bila pombe, na mkutano wa karibu ulikuwa safari ya nauli ya kwenda mjini. Akamtafuta fundi seremala mmoja aliyewahi kunywa naye. Wakawa wanakaa wawili, Jumapili saa kumi jioni, nyuma ya kituo cha kupimia majani ya chai, kila mmoja na kigoda chake. Mwezi mzima hakuna aliyewajia. Jumapili ya sita alikuja kijana amevaa kofia imefunika macho, akasimama mbali, kisha akasogea akaketi. Mjomba akafungua chupa ya chai, akautazama mkono wake, akamjazia kikombe nusu.